PILAU, MKATE NA NUSU KIKOMBE CHA CHAI: SOMO LA KULA KWA WAUZBEKI

Muhula uliopita, katika mkutano wa chama chetu, nilisimama nikadai kwa sauti kuu kwamba pilau ilizaliwa pwani yetu na hakuna mtu wa bara jingine awezaye kutufunza lolote kuihusu. Nilipigiwa makofi. Jioni nikamsimulia babu, yaani ndugu mdogo wa babu mzaa baba, nikitaraji naye anipongeze. Alicheka hadi akakohoa.

Babu huyu alisomea mjini Tashkent katika miaka ya 1980, wakati Uzbekistan ilikuwa bado sehemu ya Muungano wa Kisovieti. (Nchi hiyo ilipata uhuru mwaka wa 1991.) "Mjukuu wangu," akaniambia, "mimi pilau nimeila mahali ambapo mtu akitaka kuona bahari lazima avuke nchi mbili." Nilikimbilia ramani nikamkuta mkweli. Uzbekistan haina pwani, na kila jirani yake hana pwani ya bahari kuu pia. Basi ikanibidi nijifunze upya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza lugha, kwa sababu sisi ni wanachama wa Kiswahili. Wauzbeki huiita palov, au osh. Jira tunayotia sisi, wao huiita zira. Sambusa kwao ni somsa, chai ni choy, na tanuri la kuokea mkate ni tandir. Kumbe maneno haya yana ukoo! Pilau na sambusa ni maneno yaliyotoka Uajemi; mengine yakaenda kaskazini kwa misafara ya ngamia na mengine yakatufikia sisi kupitia Bahari ya Hindi. Hata mgeni akitaka kushukuru mezani husema rahmat, na anayejua neno rehema hatalisahau.

Lakini undugu wa maneno si undugu wa sufuria. Palov hupikwa katika chungu kizito cha chuma kiitwacho qozon. Mpishi huunguza mafuta kwanza, aghalabu ya mbegu za pamba au ya mkia wa kondoo, kisha nyama, vitunguu, na karoti nyingi ajabu zilizokatwa vijiti kwa kisu. Si karoti mbili za kupamba, la hasha! Karoti ndiyo nguzo. Mchele huja mwisho, hufukiwa juu, pamoja na vitunguu saumu vizima visivyomenywa. Mdalasini na karafuu zetu hazionekani. Tashkent huchanganya vyote wakati wa kupakua. Samarkand hupakua kwa tabaka, wali chini, karoti na nyama juu, na kila mji huapa kwamba wa pili umekosea. Kando yake huletwa nyanya na vitunguu vilivyokatwa vyembamba, achichuk, ambayo mimi nikiiona siwezi kuiita kitu kingine ila kachumbari. Mwaka wa 2016 shirika la UNESCO liliandikisha utamaduni wa palov katika orodha yake ya turathi za binadamu. Majirani zao wa Tajikistan wakaandikishiwa yao mwaka uo huo, kwa hiyo ugomvi wa nani mwenye pilau sikuuanza mimi.

Sasa, msafiri asije akafanya kosa la babu. Siku ya kwanza alienda kutafuta palov saa moja ya jioni, eti chakula kizuri ni cha usiku. Akaambiwa imekwisha. Palov ya mkahawani ni chakula cha mchana. Chungu kimoja kikubwa hutiwa moto asubuhi, huwa tayari kama saa tano au saa sita, na kikiisha kimeisha. Hakuna anayeinjika kingine kwa ajili yako. Ukifika saa tisa utakula harufu. Sisi wa shule ya kutwa tunaojua foleni ya githeri twaelewa vizuri.

Mkate, non, ni wa mviringo, katikati umebonyezwa na kupigwa chapa ya vitobo. Huumegwa kwa mkono, na mwenyeji ndiye humega. Haulazwi kifudifudi, wala hauwekwi chini. Babu aliweka wake kichwa chini pasipo kujua. Mzee aliyeketi mkabala naye hakusema neno. Alinyosha mkono, akaugeuza, akaendelea kula. Babu anasema afadhali angegombezwa.

Lakini jambo lililomchoma lilikuwa chai. Katika nyumba ya chai, choyxona, watu huketi juu ya jukwaa pana lenye mito, viatu chini. Mwenyeji alimimina chai ya kijani kikombeni, akairudisha birikani, akafanya hivyo mara tatu, ili ikolee. Halafu akampa babu kikombe kisicho na mkono, chenye chai isiyofika hata nusu. Jamani! Nyumbani kwetu mgeni hujaziwa hadi chai imwagike kwenye sahani. Kikombe nusu ni kumwambia mtu kwamba umemhesabia majani. Babu alikuwa mbali na kwao, mweusi peke yake jukwaani, na moyo ukamwambia kuwa ndiyo sababu. Akainywa kwa hasira, akaanza kutafuta viatu vyake.

Ndipo mwanafunzi mwenzake akamshika mkono akamweleza. Kwao kikombe kilichojaa pomoni ndicho huashiria kwamba mgeni sasa anaweza kwenda. Nusu maana yake ni keti, nitakumiminia tena na tena, na chai yako haitapoa. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Babu alivua tena kiatu kimoja alichokuwa amekwisha kukivaa. Alihesabu vikombe kumi na viwili.

Viko vyakula vingine: manti, mikate midogo ya unga yenye nyama na vitunguu iliyopikwa kwa mvuke, lag'mon, tambi ndefu zilizovutwa kwa mikono, na somsa, ambayo hubandikwa kwenye ukuta wa tandir, haikaangwi kama sambusa yetu. Asiyekula nyama atapata taabu kidogo, ingawa iko somsa ya malenge.

Jumapili iliyopita babu alitutembelea. Nikamimina chai, yetu ya maziwa, nusu kikombe, nikampa kwa mikono miwili. Mama akanitazama kwa jicho kali, akaniuliza mbele ya wageni kama sukari imetuishia au adabu. Babu hakunitetea. Alikunywa pole pole, akamaliza, akanyosha kikombe nimwongeze.