Ufupisho: Fyekeo Refu na Nyasi za Kiangazi

Swali la ufupisho hubeba alama 15 katika Karatasi ya Pili. Mtahiniwa anayenakili sentensi nzima nzima pamoja na mifano yake huzipoteza upesi, hata kama amekielewa kifungu vyema. Kifungu hiki kina maelezo mengi ya ziada, tena kwa makusudi. Kisome mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anajua kwamba maziwa ya kiangazi hutegemea nyasi zilizokatwa zinapoanza kuchanua, zikakaushwa na kuwekwa ghalani. Katika mashamba mengi madogo ya Kenya, nyasi hizo hukatwa kwa fyekeo la kawaida, lile bapa la chuma lililopindwa ncha ambalo kila mwanafunzi amelishika uwanjani mwa shule. Fyekeo hilo hupiga nyasi. Mkataji hulirusha kwa nguvu, nalo huzikatakata vipande vipande na kuzitawanya kila upande. Kwa kusafisha uwanja, linafaa sana. Anayetaka nyasi za kukausha, hata hivyo, hubaki na kibarua cha kuvikusanya vipande hivyo kwa reki, na vingi huwa vimechanganyika na udongo.

Huko Ulaya, kwenye miteremko mikali ya Austria na Romania ambako trekta huweza kupinduka, wapo wakulima ambao wangali wanatumia fyekeo la aina nyingine. Lina mpini mrefu wenye vishikio viwili, na bapa jembamba lililopinda, lenye urefu wa sentimita 60 hadi 90 hivi. Mkataji husimama wima, akaliteleza bapa juu ya ardhi kwa nusu duara kutoka kulia hadi kushoto, kiuno kikifanya kazi kuliko mikono. Nyasi hukatwa karibu na shina zikiwa nzima, zikalala katika mstari mmoja kushoto kwake. Kuzigeuza juani na kuzikusanya huwa rahisi. Kazi huanza alfajiri, umande ungalipo, kwa kuwa nyasi zenye unyevu hukatika vizuri kuliko zilizonyauka.

Fyekeo hilo lina masharti yake. Likiwa butu, hulaza nyasi bila kuzikata. Kwa hivyo mkataji hubeba jiwe la kunolea ndani ya pembe au kopo la maji lililofungwa kiunoni, na kila baada ya dakika chache husimama akanoa. Baada ya saa kadhaa za kazi, kunoa pekee hakutoshi. Makali hufuliwa kwa nyundo juu ya fuawe ndogo hadi yawe membamba tena. Jiwe moja lililojificha nyasini linaweza kuyavunja. Vichakani na penye visiki, panga na fyekeo la kawaida havina mpinzani.

Maswali

(a) Kwa maneno 45–50, eleza jinsi mafyekeo haya mawili yanavyotofautiana katika kukata nyasi. (alama 8, 1 ya mtiririko)
Matayarisho
Nakala safi

(b) Fupisha aya ya mwisho kwa maneno 35–40. (alama 7, 1 ya mtiririko)
Matayarisho
Nakala safi

Mwongozo

Katika (a) umeulizwa kuhusu ukataji. Aliyeandika "fyekeo la Ulaya lina mpini mrefu wenye vishikio viwili" ametumia maneno tisa bila kujibu swali. Austria, Romania na uwanja wa shule pia ni mapambo tu hapa. Fuata vitenzi: hupiga, huzitawanya, akaliteleza, zikalala. Ukishavipata, hoja zimejileta zenyewe. Mfano wa nakala safi:

Fyekeo la kawaida hupiga nyasi kwa nguvu, likazikatakata na kuzitawanya, hivyo kuzikusanya ni vigumu na nyingine huchanganyika na udongo. Fyekeo refu huteleza juu ya ardhi kwa nusu duara, likazikata karibu na shina zikiwa nzima na kuzilaza katika mstari mmoja, kwa hivyo hugeuzwa na kukusanywa kwa urahisi.

Hesabu: maneno 46. Jibu la (b) liandike mwenyewe. Pembe, kopo na nyundo ni vifaa tu. Anayesahihisha anatafuta kunoa mara kwa mara, kufua makali, hatari ya mawe, na mahali ambapo fyekeo hilo halifai.