Mdudu Mdogo na Ndege Kubwa: Somo la Usalama Nyumbani

Katika soko la Kiptere, upande wa Sigowet katika kaunti ya Kericho, ngurumo ya ndege ikisikika juu ya mawingu watu wengi huinua macho. Watoto hushangilia, watu wazima wengine hutikisa vichwa. Hofu yao haikosi sababu. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo iliyotoka Nairobi kwenda Kericho ilianguka upande wa Narok, na wote waliokuwamo wakafa. Miongoni mwao walikuwamo Bwana Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na Waziri wa Barabara, na Bibi Lorna Laboso, mbunge wa Sotik na Waziri Msaidizi. Nchi ya majani chai ilifiwa na viongozi wawili kwa siku moja, na msiba huo haujasahauliwa.

Hata hivyo, hofu ina tabia ya kutazama juu tu, hali hatari nyingi ziko chini, karibu na miguu. Yafaa basi kila mtu ajue jinsi usalama wa ndege unavyopatikana, kwa kuwa njia hiyo hiyo yaweza kuilinda nyumba yake.

Hadithi ya mfano

Kijana mmoja wa Kiptere alipata kazi ng'ambo, akatakiwa kusafiri kwa ndege. Nyanya yake alipopata habari alikataa kabisa.

"Mjukuu wangu," alisema, "chuma hakina manyoya. Kitakaaje hewani?"

"Kogo," kijana akajibu kwa heshima, "hakikai hewani kwa bahati. Kabla ya kila safari rubani huizunguka ndege yake na kuikagua. Kisha huketi na mwenzake, mmoja akisoma orodha iliyoandikwa, mwingine akijibu. Hata kama ndege ilisafiri salama jana, leo husoma tena."

Bibi yule akanyamaza kidogo. Akalitazama dumu la maji ya mtoni lililokuwa wazi pembeni, na mjukuu wake mdogo akichota kwa kikombe kilichookotwa chini. Akauliza, "Na nyumba hii, ni nani aikaguaye kila siku?"

Kijana hakuwa na jibu. Swali hilo ndilo la somo hili.

Orodha ya rubani ilianza vipi?

Zamani marubani walitegemea akili na ujuzi wao tu. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton katika nchi ya Marekani, ndege mpya ya kampuni ya Boeing ilikuwa ikijaribiwa. Rubani wake alikuwa mtu hodari mwenye sifa kubwa. Ndege iliruka, ikapanda juu mno, ikaanguka na kuwaka moto. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba haikuwa mbovu hata kidogo. Kifungo kinachozuia usukani usipeperushwe na upepo ndege iwapo chini kilikuwa hakijafunguliwa. Rubani alikuwa amesahau jambo moja dogo.

Wakubwa hawakusema kwamba wanataka rubani mwenye akili zaidi, kwa maana akili alikuwa nayo. Waliamua kwamba mambo yote ya lazima yaandikwe katika karatasi na yasomwe kila safari. Tangu hapo orodha hiyo imekuwa sehemu ya kazi ya rubani.

Vali iliyosahauliwa Nairobi

Afrika Mashariki nayo ina mafunzo yake. Tarehe 20 Novemba 1974 ndege kubwa aina ya Boeing 747, mali ya shirika la Lufthansa la Ujerumani, iliondoka Nairobi kuelekea Johannesburg ikiwa na watu 157. Haikufika mbali. Ilianguka mara baada ya kuacha ardhi, na watu 59 wakafa. Wengine 98 waliokoka.

Ndege ya namna hiyo ina vipande katika ukingo wa mbele wa mabawa, ambavyo husukumwa nje wakati wa kuruka ili bawa lipate nguvu ya kuibeba ndege ikiwa bado ina mwendo mdogo. Vipande hivyo huendeshwa kwa hewa ya msukumo inayopita katika vali. Siku ile vali hazikufunguliwa, na vipande havikutoka. Orodha ilikuwapo, bali jambo moja katika orodha halikutimizwa. Baada ya ajali hiyo, mitambo ya kuwaonya marubani mapema juu ya kosa la namna hiyo iliongezwa.

Msomaji aangalie mambo mawili hapa. Kwanza, kuwa na orodha hakutoshi. Sharti ifuatwe yote. Pili, watu wa ndege hawaizoei ajali wala kusema kwamba ni majaliwa tu. Huchunguza sababu, kisha huiziba njia ile ili watu wengine wasife kwa kosa lile lile. Kwa ajili ya desturi hiyo, safari ya ndege kubwa za abiria imekuwa salama kuliko safari ya gari ya umbali ule ule. Ndivyo isemwavyo: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nyigu katika bomba

Tarehe 6 Februari 1996, ndege ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ikawaua watu wote 189 waliokuwamo. Ndege huwa na vibomba vyembamba nje ya mwili wake ambavyo hupokea upepo na kupima mwendo. Kibomba kimoja kilikuwa kimezibwa, na rubani akaonyeshwa mwendo wa uongo. Wachunguzi walidhani kwamba nyigu ndio waliojenga humo. Ndege ilikuwa imekaa chini siku nyingi, na vibomba havikuwa vimefunikwa.

Kifuniko cha kibomba ni kitu rahisi. Kinafanya kazi kama chandarua: humzuia mdudu asiingie pasipofaa. Ndege yenye thamani kubwa ilipotea kwa kukosa kitu kidogo, na roho za watu zikapotea pamoja nayo. Je, mtu aliye na mtoto kitandani na chandarua kilichokunjwa sandukuni, ana tofauti gani na fundi aliyeacha kifuniko?

Orodha ya nyumba

Nyumba ya mkulima au ya mfanyakazi wa shamba la chai haina mitambo mingi, na kwa hiyo orodha yake si ndefu. Ina mambo manne.

La kwanza ni mikono. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, na kabla ya kula au kumlisha mtoto. Wataalamu wameona kwamba desturi hii hupunguza maradhi ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Pasipo bomba, kibuyu chirizi chatosha: dumu dogo hutobolewa tundu, huning'inizwa juu ya mti karibu na choo, na kamba hufungwa mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtu akikanyaga, dumu huinama na maji hutoka, wala mkono mchafu haugusi dumu. Kipande cha sabuni hufungwa kwa uzi kando yake.

La pili ni maji ya kunywa. Maji ya mtoni huonekana safi hali yana vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hapana budi yachemshwe. Hapa watu wa nyanda za juu wana jambo la kujua zaidi ya watu wa pwani. Kadiri mtu apandavyo mlimani hewa huwa nyepesi, na maji huchemka kabla ya kupata moto mwingi. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Katika mji wa Kericho, ulio juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa hiyo, pwani dakika 1 ya kutokota sana yatosha, bali katika nchi ya juu yafaa maji yaachwe yatokote kwa dakika 3. Kisha yapozwe na kuhifadhiwa katika chombo safi chenye kifuniko, na kikombe cha kuchotea kisiwekwe chini.

La tatu ni mbu. Wako watu wa Kericho na Bomet wasemao kwamba malaria ni maradhi ya nchi za joto, kama upande wa ziwa, na kwamba baridi ya huku humfukuza mbu. Neno hili limewadanganya wengi. Katika miaka ya 1940, na tena katika miaka ya 1990, malaria ilizuka katika nchi ya chai ya Kericho na kuwashika watu kwa wingi. Ikizuka namna hiyo huumiza sana, kwa sababu mtu wa nyanda za juu hajaizoea. Mwili wake hauna kinga aliyo nayo mtu mzima wa nchi ambako malaria haikomi. Hivyo huwaua wakubwa na wadogo. Asemaye, "Hapa hakuna mbu," ni kama rubani asemaye, "Jana tuliruka salama, leo ya nini kukagua?" Chandarua chenye dawa kitundikwe, pembe zake zichomekwe chini ya godoro, na tundu lishonwe siku lilipoonekana. Mtu akishikwa na homa, aende zahanati siku ile ile akapimwe damu, wala asinunue vidonge dukani kwa kukisia.

La nne ni kitabu cha kliniki. Kila ndege ina daftari ambamo mafundi huandika kila kitu kilichotengenezwa na siku yake. Mtoto naye ana kitabu chake, ambacho huonyesha uzito wake na chanjo alizopata. Nchini Kenya chanjo ya surua hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Wazazi wengi hukumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na anaonekana mzima. Hiyo ndiyo vali isiyofunguliwa. Mzazi na akifungue kitabu leo, akatazame.

Hatari ikitokea

Rubani hujifunza pia la kufanya mtambo ukiharibika hewani, wala hangoji siku ya hatari ndipo ajifunze. Kadhalika kila nyumba yafaa ijue la kufanya mtoto akiharisha. Maji yakimtoka mwilini pasipo kurudishwa, mtoto mdogo aweza kufa kwa muda mfupi. Anyweshwe maji ya chumvi za pakiti yatolewayo zahanati. Pakiti isipokuwapo, maji safi lita 1 yatiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Apewe kidogo kidogo mara kwa mara, na aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yakididimia, au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitali bila kukawia.

Mwisho wa hadithi

Kijana wa Kiptere alisafiri. Kabla hajaondoka, nyanya yake alimwomba aiandike orodha ile katika karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika nyuma ya mlango. Bibi yule hajui kusoma. Kila jioni humwita mjukuu wake mdogo na kumwambia, "Soma." Mtoto husoma: mikono, maji, chandarua, kitabu. Naye bibi hujibu kila neno moja moja, kama msaidizi wa rubani.

Maswali ya kujiuliza

1. Je, kuna sabuni karibu na choo sasa hivi?
2. Maji ya kunywa ya leo yalitokota kwa dakika ngapi?
3. Usiku uliopita, ni nani katika nyumba aliyelala nje ya chandarua?
4. Chanjo ya pili ya surua ya mtoto mdogo imeandikwa katika kitabu?

Atakayeshindwa kujibu swali moja asifadhaike. Na alirekebishe jambo hilo leo kabla ya jua kuchwa, na kesho aulize tena.