Juhudi, Mawazo na Uzito: Tatizo la Kisemantiki katika Upimaji wa Violesura Pwani ya Kenya

Makala haya yanajadili suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la wataalamu wa kompyuta, ilhali kiini chake ni semantiki. Kabla ya kiolesura cha simu kuanza kutumika, wabunifu huunda kielelezo cha awali, aghalabu cha karatasi, na kumpa mtumiaji akijaribu. Haitoshi kujua kwamba amefaulu. Sharti ijulikane pia akili yake imetaabika kiasi gani. Watu wawili waweza kutuma pesa kwa muda ule ule, mmoja kwa wepesi, mwenzake akitokwa jasho.

Kipimo mashuhuri ni NASA-TLX, kilichotolewa na Sandra Hart na Lowell Staveland nchini Marekani mwaka 1988, chenye vipengele 6, kikiwemo cha juhudi. Mwaka 1992 Fred Paas alitumia swali moja tu lenye ngazi 9, kutoka juhudi ndogo mno hadi kubwa mno. Vyote viwili humuuliza mtumiaji mwenyewe, hivyo vinategemea neno.

Hapo ndipo penye utata. Chukulia mchuuzi wa samaki wa Malindi anayejaribu kielelezo cha huduma ya kutuma pesa. Akiulizwa alitumia juhudi kiasi gani, neno lenyewe limekwisha kumhukumu, kwani juhudi katika Kiswahili ni sifa. Atakayejibu "ndogo" amejitangaza mvivu. Mtafiti akikimbilia "mawazo", hali huwa mbaya zaidi: mwenye mawazo ni mwenye dhiki, pengine ana deni au mgonjwa nyumbani. Jibu litakuwa la kweli, lakini si kuhusu simu. Aidha, kwa wakazi wengi wa Kilifi lugha ya kwanza ni Kigiriama, na tafsiri iliyofanywa ofisini haizingatii hilo. Tena kuna adabu: mgeni aliyekuja na kitu chake haambiwi usoni kwamba kinatatiza.

Afadhali kuuliza, "Ilikuchosha kichwa?", au kulinganisha na kazi anayoijua: ni nzito kuliko kupiga hesabu ya mzani huku wateja watatu wakingoja? Kilifi si ngeni kwa jambo hili; kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kiitwacho Kilifi Developmental Inventory kilitungwa papo hapo, kwa kuzingatia mazingira ya wenyeji.

Ipo njia isiyotegemea maneno. Mtumiaji huombwa agonge meza kila asikiapo kengele huku akiendelea na kazi; akichelewa kugonga, akili imejaa. Mwaka 1956 George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi huhifadhi takribani vitu 7, ilhali namba ya simu nchini Kenya ina tarakimu 10, na bado kiasi cha pesa na namba ya siri vinasubiri. Kengele basi huonyesha hatua ambapo mchuuzi alikwama. Haisemi kwa nini. Kwa hilo mtafiti hana budi kumrudia na swali, na swali hilo nalo lijaribiwe kwanza kama kielelezo cha karatasi.