SOMO LA MWEZI: SAA MOJA YA OKTOBA NI YA NANI?



Somo letu la mwezi huu linahusu saa moja tu. Huenda wengine watacheka na kusema chama kimekosa la kuzungumza. Lakini tunaomba msome mpaka mwisho, na katika mkutano wa tawi mmoja asome kwa sauti ili wenzake wasikie. Saa moja ya mfanyakazi ikipotea kwa watu elfu ni saa elfu, na mtu hawezi kudai saa zake ikiwa hajui zilivyopotea.

1. Sababu ya somo hili

Wenzetu wengi waliokuwa katika viwanda na hospitali za huku wamekwenda kufanya kazi Ulaya. Wengi wao huwatunza wazee na wagonjwa, na huwekwa zamu ya usiku. Bado tunasalimiana nao kwa simu. Ikifika mwisho wa Oktoba mazungumzo hugeuka. Badala ya kuulizana habari za watoto, tunasikia, "Saa zimerudishwa, ndugu zangu, na mimi usingizi umenikimbia." Mwingine husema moyo wake umekuwa mzito bila sababu. Mwingine husema kiza kinaingia kabla hajanywa chai ya jioni.

Mwaka mmoja dada yetu aliyekuwa mjumbe wa tawi huku alitupigia simu kutoka Uingereza. Alisema: "Niliingia kazini saa moja jioni, nikatoka saa moja asubuhi. Kila mtu anaona ni saa kumi na mbili. Lakini usiku ule nimefanya kumi na tatu, na karatasi ya mshahara inasema kumi na mbili." Tulimwuliza, "Imekuwaje, dada?" Ndipo tukaelewa kwamba jambo hili lafaa kufundishwa.

2. Saa inarudishwaje

Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuna taabu hii. Hapa Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na hutua karibu na saa moja jioni, mwaka mzima. Mtoto akiambiwa saa moja asubuhi anajua kumekucha.

London iko mbali kaskazini. Mwezi wa Juni mchana wake hupita saa 16, na mwisho wa Desemba haufiki hata saa 8. Kwa sababu hiyo nchi za huko husogeza saa mbele katika majira ya joto, ili jioni iwe na mwanga, kisha huzirudisha nyuma yanapokaribia majira ya baridi. Ulaya huzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani na Kanada huzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Usiku huo wa Oktoba, ikifika saa nane usiku Uingereza, mshale hurudishwa mpaka saa saba. Wakati huo kwetu Kampala ni saa kumi alfajiri. Basi saa ile kati ya saba na nane hupita mara mbili. Aliyelala hupata saa moja zaidi ya kulala. Aliye kazini hupata saa moja zaidi ya kazi. Jambo lile lile kwa mmoja ni zawadi, kwa mwingine ni mzigo.

Yafaa tujue pia asili yake. Mwaka 1895 George Hudson, mfanyakazi wa posta huko New Zealand, alipendekeza saa zisogezwe. Alikuwa akifanya kazi kwa zamu, na baada ya kazi alitaka mwanga wa jioni akusanye wadudu, maana ndiyo elimu aliyoipenda. Mwaka 1907 mjenzi mmoja wa Uingereza, William Willett, naye alileta shauri la namna hiyo. Hawakusikilizwa. Lakini mwaka 1916, katikati ya vita, Ujerumani ilisogeza saa ili kuokoa makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata baada ya majuma machache. Wazo lililotoka katika mapumziko ya mfanyakazi halikutiwa maanani mpaka serikali zilipoona faida yake katika vita.

3. Mwili hautii tangazo

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoongoza usingizi, njaa, joto la mwili na nguvu za kazi. Wataalamu huiita saa ya mwili. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe za mwili. Saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga, na zaidi mwanga wa asubuhi. Haijui tangazo la serikali wala la mwajiri.

Kusogeza saa mbele mwezi wa Machi ndiko kunakoumiza zaidi. Uchunguzi wa Sweden uliotolewa mwaka 2008 ulikuta kwamba katika juma la kwanza baada ya mabadiliko ya Machi, watu walioshikwa na shambulio la moyo waliongezeka kwa asilimia 5 hivi. Uchunguzi mwingine, wa ajali za migodini Marekani kuanzia 1983 hadi 2006, ulikuta kwamba Jumatatu baada ya saa kusogezwa mbele, majeruhi waliongezeka kwa karibu asilimia 6, na siku za kazi zilizopotea kwa majeraha ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 67. Watu walikuwa wamelala pungufu kwa dakika 40 tu. Ndugu msomaji, dakika 40 za usingizi zaweza kumfanya mtu apoteze kidole.

Wachunguzi hao hawakuona ongezeko la ajali mwezi wa saa kurudishwa. Lakini tusidanganyike kwamba Oktoba haina madhara. Huko Denmark walichungua habari za hospitali kuanzia 1995 hadi 2012, wakaona kwamba baada ya saa kurudishwa, wagonjwa wa huzuni kubwa waliongezeka kwa asilimia 11, na ongezeko hilo lilichukua kiasi cha majuma 10 kuisha. Wachunguzi walidhani ni kwa sababu mwanga wa jioni huondolewa kwa ghafula.

Tazama sasa mfanyakazi wa usiku. Anatoka asubuhi, analala mchana, anaamka saa kumi jioni na jua la London la Desemba limekwisha tua. Aweza kumaliza juma zima bila kuliona. Akisema moyo wake ni mzito, wenzake wasimwambie amekuwa mvivu au amerogwa. Ni mgonjwa wa kukosa mwanga na usingizi, na yafaa amwone daktari.

4. Mfuko wa mshahara

Turudi kwa dada yetu. Alipouliza, msimamizi alimjibu: "Machi utafanya saa kumi na moja na kulipwa kumi na mbili, kwa hiyo tutakuwa sawa." Maneno hayo yanasikika vizuri. Lakini Machi dada alikuwa na mapumziko, na zamu ile ikaangukia mtu mwingine. Tena mwenzake aliyefanya kazi usiku ule wa Machi alikatwa saa moja! Kwa hiyo Oktoba walisema saa ni ya serikali, hawaihesabu. Machi wakaihesabu vizuri sana.

Sheria hazifanani. Marekani, sheria ya taifa ya mishahara humtaka mwajiri amlipe mfanyakazi wa saa kwa saa alizofanya hasa. Aliyepangiwa saa 8 akafanya 9 usiku huo, alipwe 9. Uingereza, mkataba ndio unaoamua, ila malipo yakigawanywa kwa saa zote zilizofanywa yasishuke chini ya kima cha chini cha sheria. Kwa hiyo Uingereza mahali ambapo mkataba umenyamaza, mwajiri ndiye atakayesema.

Dada na wenzake hawakugombana. Walichukua daftari la zamu, wakaandika majina ya wote waliokuwa kazini usiku wa Oktoba, wakapeleka barua moja yenye sahihi zote. Waliokuwa katika daftari walilipwa. Mmoja aliyesahau kutia sahihi siku ile hakupata kitu, ingawa kila mtu alimwona kazini.

5. Sisi tulio huku

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Serikali yetu hairudishi saa, lakini vijana wetu wanaopokea simu za wateja wa Uingereza hurudishiwa zamu. Wakati wa joto, saa kumi na mbili jioni ya London ni saa mbili usiku Kampala. Baada ya Oktoba ni saa tatu usiku. Anayehudumia wateja wa New York mpaka saa kumi na moja jioni ya huko hutoka saa sita usiku wa manane, na baada ya saa kurudishwa hutoka saa saba. Wenzetu wa Kigali na Bujumbura saa yao iko nyuma ya yetu kwa moja, lakini nao husukumwa vivyo hivyo.

Mwajiri husema, "Saa za kazi hazikuongezeka, nung'uniko ni la nini?" Ni kweli hazikuongezeka. Lakini saa tatu usiku teksi zimepungua, nauli ya boda boda imepanda, na njia si salama kwa dada zetu. Mama anakuta watoto wamekwisha lala, na asubuhi anaamka nao kuwapeleka shule. Kwa hiyo saa ile inatoka katika usingizi wake, kwa miezi mitano. Katika kituo kimoja tulichokitembelea, tangazo la zamu mpya lilibandikwa Ijumaa jioni ili lianze Jumatatu. Tarehe hiyo inajulikana mwaka mzima mapema. Kwa nini mfanyakazi aijue siku mbili kabla?

6. Mambo ya kufanya

(a) Mjumbe wa tawi aandikie uongozi mwezi wa Agosti, siyo Oktoba. Aombe zamu mpya zitangazwe angalau mwezi mmoja kabla, na usafiri wa usiku uandikwe katika mkataba.

(b) Kila mfanyakazi aandike saa ya kuingia na ya kutoka kwa mkono wake. Wanaotunza wagonjwa usiku wa saa kurudishwa waandike "saa saba ya kwanza" na "saa saba ya pili". Hilo hulinda mshahara, na hulinda mgonjwa asipewe dawa mara mbili.

(c) Hapa Uganda, Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inasema saa zinazozidi 8 kwa siku au 48 kwa juma zilipwe angalau mara moja na nusu. Zamu ikihamishwa, hesabuni jumla.

(d) Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 171 wa mwaka 1990 unawapa wafanyakazi wa usiku haki ya kupimwa afya bila malipo wakiomba, na unamtaka mwajiri ashauriane na wawakilishi wao kabla ya kupanga kazi za usiku. Hata pale ambapo serikali haijauridhia, twaweza kuuweka mezani kama kipimo.

(e) Kwa afya: siku nne kabla ya mabadiliko, sogeza kulala kwa dakika 15 kila siku. Ukiamka, toka nje upate mwanga. Walio Uingereza wakumbuke kwamba serikali ya huko huwashauri watu wenye ngozi nyeusi kufikiria kutumia vitamini D kila siku, mwaka mzima, maana jua la huko halitoshi.

7. Mwisho

Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliwauliza wananchi wake, na katika majibu milioni 4.6, asilimia 84 walitaka mtindo huu ukomeshwe. Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura ukome mwaka 2021. Serikali hazikukubaliana, mwaka 2021 ukapita, na saa zikaendelea kurudishwa. Basi tusingoje wakubwa wakubaliane. Wao waweza kurudisha mshale. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kila saa aliyosimama mfanyakazi imeandikwa na imelipwa, na kila saa ya usingizi aliyonyang'anywa imeulizwa.

Maswali ya kuzungumza katika tawi

1. Katika kazi yenu, ni nani anayepanga zamu, na hushauriana na nani?
2. Mwenzako akifanya saa kumi na tatu na kulipwa kumi na mbili, ni karatasi gani itakayomsaidia kudai?
3. Ni wanachama wangapi wa tawi lenu hutoka kazini baada ya saa mbili usiku, na hufikaje nyumbani?

Majibu ya swali la tatu yaandikwe na kuletwa kwetu kabla ya mkutano ujao.