MHUDUMU WA AFYA WA KIJIJI: KWA NINI ANABAKI, KWA NINI ANAACHA?



Leo tujifunze juu ya wananchi wanaojitolea katika kazi ya afya kijijini. Hupita nyumba kwa nyumba Musoma, Bunda na Butiama, wakihimiza vyoo, chandarua na kliniki kwa mama wajawazito.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Kampeni ile ilidumu wiki 12 tu, na kila mtu alishika jembe. Kazi ya mhudumu wa kijiji haina wiki ya mwisho, na mara nyingi anaifanya peke yake.

Mambo yanayombakisha:
1. Kuchaguliwa na mkutano wa kijiji, si kuteuliwa na mtu mmoja.
2. Kufundishwa, kisha kukumbushwa kila mara.
3. Kutembelewa na watumishi wa zahanati, daftari lake lisomwe.
4. Kuona matunda ya kazi yake.

Mambo yanayomwondoa:
1. Shamba lake kulala. Wakati wa kupalilia pamba Bunda, au wa kuanika dagaa Musoma, naye ana watoto wa kulisha.
2. Kuahidiwa posho isiyofika. Ahadi ya uongo humvunja moyo kuliko kutoahidiwa kitu.
3. Kulaumiwa dawa zinapokosekana, na hali si yeye anayezileta.

Akiacha, anayeumia ni mtoto. Mtoto anayehara hupungukiwa maji mwilini upesi. Mhudumu aliye jirani humfundisha mama kukoroga pakiti moja ya dawa ya chumvichumvi katika lita moja ya maji safi, na kumwelekeza zahanati mapema. Asipokuwapo, safari huanza mtoto akiwa amekwisha kulegea.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa miaka mitano wa kuandaa wahudumu zaidi ya 137,000 na kuwalipa posho. Ni hatua njema. Lakini posho haimsalimii mtu njiani, wala haimpalilii shamba siku anapokuwa kwa mgonjwa. Hayo ni yetu wanakijiji.

Maswali ya kujadili:
1. Mhudumu wetu alichaguliwaje?
2. Msimu wa kilimo tunamsaidiaje?
3. Nani husoma daftari lake, na lini?