SOMO: TUUTUNZE MSUMENO WA ZAMANI



Katika karakana moja ya mafunzo ya useremala tulikuta msumeno wa mkono wenye chapa ya Sheffield, Uingereza, umetupwa kwenye takataka. Vijana walikuwa wamejaribu kuunoa kwa grainda ya umeme. Meno machache yalipata moto yakageuka bluu. Chuma kikifika hapo hulainika, hakishiki makali tena. Ilitubidi kulikata eneo hilo kwa tupa na kuchonga meno upya, kazi ya siku nzima.

Kwa nini tulijisumbua? Misumeno mingi ya siku hizi ina meno yaliyokaushwa sana, ambayo tupa haiyaumi. Yakibutuka, fundi hununua mwingine. Msumeno wa zamani hunolewa tena na tena, miaka mingi.

Hatua za kufuata

1. Kutu: Paka mafuta ya taa, mbali na moto. Sugua kwa msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao, ukifuata urefu wa bapa. Penye chapa sugua polepole isifutike.

2. Mpini: Kaza parafujo. Usipake rangi, paka mafuta ya kitani. Matambara yenye mafuta hayo yatandazwe nje yakauke, kwani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

3. Kusawazisha: Bana bapa kwenye jiliwa kati ya mbao mbili. Pitisha tupa bapa juu ya ncha mpaka meno yote yalingane.

4. Kupinda meno: Pinda moja kushoto, linalofuata kulia, nusu ya juu tu lisivunjike. Hivyo njia ya msumeno huwa pana kuliko bapa, nao haukwami.

5. Kunoa: Tumia tupa ya pembe tatu. Kwa msumeno wa kupasua, tupa ipite kwa pembe mraba. Kwa msumeno wa kukata mbao kwa kukingama, iinamishwe upande kidogo. Kila pengo lipate idadi ileile ya misuguo.

6. Kuhifadhi: Futa jasho, paka mafuta mepesi, funika meno kwa mpira wa bomba uliopasuliwa, kisha tundika pakavu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni zana zipi tumezitupa ambazo zingeweza kunolewa?
- Nani kati yetu anajua kushika tupa, na anamfundisha nani?