Mvua Sawa, Kanda Tofauti: Jinsi Tabianchi za Dunia Zinavyogawanywa

Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho. Tabianchi ni mazoea ya mahali, na hujulikana kwa kupima joto na mvua miaka mingi, kwa kawaida 30. Ramani nyingi za kanda za tabianchi hufuata utaratibu wa Wladimir Köppen, aliyezaliwa Urusi mwaka 1846. Ujanani alisafiri kati ya St. Petersburg na Crimea, akaona mimea ikibadilika njia nzima. Baadaye aliifanya mimea hiyo kuwa shahidi wake: inapokoma kuota, ndipo mpaka ulipo.

Kanda zake ni tano, kuanzia A hadi E. Katika A, hata mwezi wenye baridi zaidi haushuki chini ya nyuzi joto 18. Ndiko kwenye minazi yetu: Tanga, Mombasa, Unguja. Nairobi iko karibu na ikweta kuliko Mombasa, lakini imeinuka kama mita 1,700 juu ya bahari, na Julai yake haifikii nyuzi 18. Kwa hiyo imo katika C, herufi moja na London. D ni ya nchi zenye majira ya baridi kali, kama Moscow. Katika E miti haioti kabisa, maana hata mwezi wa joto zaidi haufiki nyuzi 10. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imo humo.

Imebaki B, kanda ya ukame, na hapa wengi hukosea kwa kutazama mvua peke yake. Dodoma na London zote hupata mvua inayokaribia milimita 600 kwa mwaka. Mbona Dodoma ni kame? Jua hunyang'anya maji kabla mizizi haijayapata. Köppen aliliweka jambo hili katika hesabu: zidisha wastani wa joto la mwaka kwa 20, kisha ongeza 280 kama mvua nyingi hunyesha miezi ya joto, au 140 kama imesambaa mwaka mzima. Dodoma, kwa nyuzi 23 hivi, inahitaji milimita 740 ili isiwe kame. London, kwa nyuzi 11, inatosheka na 360. Mahali pasipopata hata nusu ya kinachohitajika huitwa jangwa, kama Lodwar kule Turkana. Dodoma inavuka nusu, basi ni nusu jangwa.

Ndugu mkulima, usidharau hesabu hii. Milimita zilezile zinazotosha mahindi nyanda za juu zenye ubaridi zinaweza kuyaacha yakauke Dodoma, ambako mtama na uwele huvumilia. Ila ramani haisemi mvua za mwaka huu zitaanza lini. Hilo litafute katika utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kabla hujanunua mbegu.